Chatu wa Rangi ya Kawaida Naye Huweza Kubeba Jeni ya Ualbino: Ushauri kwa Wafugaji wa Chatu Uganda

Ndugu mfugaji, ukinunua chatu kwa kutazama ngozi peke yake, hujui umenunua nini. Ngozi huonyesha baadhi tu ya jeni alizorithi. Nyingine zimo mwilini mwake, wala hazionekani mpaka zijitokeze kwa watoto au wajukuu.

Nawaandikia wenye kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Asiye nacho aanzie hapo, maana chatu analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na biashara yake nje ya nchi husimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Tena, chatu ninayemzungumzia hapa, yule mdogo ajikunjaye kama mpira, ambaye kwetu hupatikana porini upande wa West Nile, aachwe huko. Nyoka aliyekamatwa porini hana ukoo unaojulikana, na bila ukoo mahesabu yafuatayo hayana pa kuanzia.

Kila chatu hupokea nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni inayotawala huonekana hata ikiwa nakala moja tu. Mfano ni ile iitwayo spaida, inayompa chatu mistari myembamba kama utando wa buibui. Ukimpandisha spaida na chatu wa kawaida, tarajia takriban nusu ya watoto wawe spaida. Lakini jeni hiyo hiyo huvuruga mizani ya mwili: kichwa hutikisika, na wengine hushindwa kulenga chakula. Ushauri wangu ni mmoja: usiizalishe, hata mteja akikupandishia bei. Mnyama ndiye anayebeba gharama hiyo maisha yake yote.

Kuna jeni ambazo nakala moja huleta sura moja, na nakala mbili huleta sura nyingine iliyokolea zaidi. Wafugaji wa nyoka huziita jeni zinazotawala pamoja. Jambo hili unalo uani kwako. Mtazame kuku wa kishingo: mwenye nakala moja hubaki na kishungi cha manyoya mbele ya shingo, na mwenye nakala mbili shingo yake huwa tupu kabisa au karibu tupu. Kwa chatu, pasteli ni hivyo hivyo. Pandisha pasteli wawili wa nakala moja, na kwa wastani robo ya watoto watakuwa pasteli waliokolea, nusu pasteli wa kawaida, na robo hawatakuwa nayo kabisa. Hapa macho yanakusaidia.

Yasipokusaidia ni kwenye jeni inayojificha, na hapo ndipo wafugaji wengi hupoteza fedha. Ualbino ni wa namna hii. Lazima nakala zote mbili ziwepo ndipo rangi ionekane. Ukimpandisha albino na chatu asiye na jeni hiyo, watoto wote watatoka na rangi ya kawaida, na wote watakuwa wabebaji, yaani wenye nakala moja ya jeni hiyo. Usiwauze kwa bei ya kutupa ukidhani umeshindwa! Mpandishe mbebaji kwa mbebaji, na kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa albino.

Nasema kila yai kwa makusudi. Mayai ya chatu huyu ni machache, mara nyingi 4 hadi 10. Katika mayai 6 ya wabebaji wawili, kuna nafasi ya takriban asilimia 18 kwamba hutapata albino hata mmoja, ingawa wazazi ni sahihi. Usimwite muuzaji mwongo kwa uzao mmoja.

Sasa wale watoto wa rangi ya kawaida waliotoka kwa wabebaji wawili: theluthi mbili ni wabebaji, theluthi moja hawana kitu, na kwa macho wote ni sawa. Ndiyo maana ya ile asilimia 66 inayoandikwa kwenye kasha. Ni ubashiri kuhusu nyoka huyo. Usiichukue kama uthibitisho.

Njia ya kuthibitisha ni kumpandisha mshukiwa na albino. Akianguliwa albino mmoja tu, basi mshukiwa ni mbebaji. Wakianguliwa watoto 6, wote wa kawaida, nafasi ya mbebaji kutoa uzao kama huo ni 1 kati ya 64, kwa hiyo mwondoe kwenye mpango wako.

Jaribio hili hula muda. Jike husubiriwa afikishe takriban kilo 1.5 kabla ya kupandishwa, na hilo huchukua miaka kadhaa. Kwa hiyo dai daftari la ukoo kabla ya kutoa shilingi: baba nani, mama nani, mayai mangapi, waliotoka ni wa sura gani. Kama muuzaji hana, lipa bei ya chatu wa kawaida. Kama analo na nyoka ni wa asilimia 66, nunua majike wawili wa uzao huo badala ya mmoja. Nafasi ya wote wawili kukosa jeni hushuka hadi 1 kati ya 9. Dume albino wa kuwapandisha mtafute kwenye ukoo mwingine.