Kiluwiluwi anajuaje chakula kiko wapi? Jaribio la beseni

Masika yakishika Malindi, kuanzia Aprili, madimbwi hujaa viluwiluwi wa chura. Usiwachanganye na wa mbu, ambao huning'inia chini ya uso wa maji na kujipindapinda. Wa chura ana mwili wa duara na mkia bapa.

Tafuta beseni jeupe la lita 10 na ulitie maji ya dimbwi lenyewe, kina cha sentimita 5. Maji ya mfereji yana klorini inayoumiza matamvua yao, na ya visima vya karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi. Chota viluwiluwi 6 kwa kikombe, si kwa mkono. Kwa aina nyingi za vyura, kiluwiluwi akijeruhiwa ngozi yake hutoa harufu ya hatari na wenzake hujificha. Hapo jaribio limeharibika. Wasiwe wametoa miguu ya mbele, kwa kuwa wakifikia hapo huacha kula na kuishi kwa akiba ya mkia. Waache usiku kucha kivulini bila chakula.

Asubuhi, chemsha mchicha dakika 5, bila chumvi wala mafuta. Ukipoa, funga kijiko kimoja cha chai ndani ya kitambaa cheupe. Kitambaa cha pili kama hicho kifunge kokoto. Viteremshe polepole, kila kimoja upande wake: viluwiluwi wana vinundu vya hisi mwilini vinavyopokea mtikisiko wa maji, nao hutawanyika ukiyatibua. Subiri dakika 5, kisha hesabu walio kila upande kila baada ya dakika 2, mara 10.

Rudia kwa kubadilisha pande. Hatua hii wengi huiruka, na kuiruka ndiko kunakodanganya kuliko yote: huenda walifuata kivuli cha ukuta, si mchicha. Maji nayo yamwage na kutia mengine, maana harufu ya kwanza hubaki.

Sasa jaribu macho. Tia mchicha kwenye kichupa cha kioo kilichofungwa barabara, na pembeni yake kichupa kitupu. Ikiwa walimiminikia kitambaa cha mchicha lakini wakakipita kichupa cha mchicha, pua ndiyo iliyowaongoza. Kila wanapopumua, maji huingia pia kupitia matundu ya pua hadi kinywani, hivyo harufu huwafikia hata kwenye tope. Macho yao kwenye maji machafu hayafiki mbali.

Wakipanda juu mara kwa mara kuvuta hewa, maji yamechoka au yamepata moto. Ondoa mchicha, ongeza maji ya dimbwi, sogeza beseni penye ubaridi.

Mwisho, mtie mmoja kwenye glasi safi umtazame kwa chini. Aina nyingi zina mdomo mweusi mgumu na safu za vijino vya kukwangulia mwani. Warudishe jioni hiyo hiyo kwenye dimbwi walikotoka. Walio kwenye vidimbwi vya msitu wa Arabuko-Sokoke usiwachote. Watazame papo hapo.