Somo: Kuunganisha kengele za moshi ili zilie pamoja katika apatimenti

Somo hili linahusu kengele za moshi zinazotumia umeme wa volti 230 pamoja na betri ya akiba, zilizounganishwa kwa waya ili moja ikinusa moshi zote zilie. Katika apatimenti nyingi za Dar es Salaam milango ya vyumba vya kulala hufungwa usiku kwa sababu ya kiyoyozi, na mlio wa kengele iliyoko sebuleni hufika kitandani ukiwa hafifu mno kumwamsha mtoto aliyelala fofofo. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Hatua ya kwanza: mahali. Weka kengele katika kila chumba cha kulala, kwenye korido ya vyumba hivyo na sebuleni. Jikoni weka kengele ya joto, kwa maana ile ya moshi italia kila samaki akikaangwa, na mwenye nyumba atachoka aing'oe. Kengele ya moshi ikae darini, angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye taa, na sentimita 90 kutoka ncha ya pangaboi, ambalo upepo wake huusukuma moshi kando kabla haujaifikia kengele.

Hatua ya pili: umeme. Kengele zote zichukue umeme kutoka sakiti moja (njia moja ya umeme yenye breka yake), bila kupitia swichi yoyote. Unaweza kuzipa breka yao ya ampea 6, lakini mimi napendelea sakiti ya taa zinazotumika kila siku: breka ya taa ikijizima wenye nyumba wataona giza na kuirudisha, ilhali breka ya kengele peke yake inaweza kukaa imezimwa miezi kadhaa bila mtu kujua.

Hatua ya tatu: nyaya. Hapa ndipo pa kutulia. Tumia kebo ya nyaya tatu na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), yenye milimita za mraba 1.5, ukiipitisha kutoka kengele hadi kengele. Kahawia iwe laivu, yaani waya unaoleta umeme. Kijivu iwe nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, nayo uivishe tepu ya buluu kila inapoishia. Nyeusi iwe waya wa mawasiliano. Kengele inayohisi moshi hutuma ishara ya volti chache kwenye waya huo mweusi, na wenzake huisoma ishara hiyo kwa kuilinganisha na nyutro. Kwa hiyo fundi akibadilisha nyeusi na kahawia mahali pamoja tu, volti 230 huingia kwenye njia ya mawasiliano na zinaweza kuziunguza kengele zote kwa mpigo. Aidha, waya huo uchukuliwe kuwa na umeme hatari wakati wote, hata kama ishara yake ni ndogo. Kengele nyingi hazina sehemu ya ethi. Hata hivyo usiukate waya wa ethi, uunge na kuuendeleza hadi mwisho.

Hatua ya nne: kupima. Pima nyaya kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kati ya nyaya) ya volti 500 kabla ya kufunga kengele, kwani mega huziharibu. Kipimo kisipungue megaohmu 1. Ziache kengele na vifuniko vyake vya plastiki vya kuzuia vumbi hadi mafundi wa jipsamu na rangi wamalize. Kisha washa umeme na ubonyeze kitufe cha kila kengele, si cha moja tu, huku msaidizi akipita chumba kwa chumba kuhakikisha zote zinalia. Zima breka, urudie zoezi zima kwa betri.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina jengo la apatimenti nane. Je, niunganishe zote kwa waya mmoja ili jengo zima liamke?

Jibu: Marahaba. Hapana, waya wa mawasiliano usivuke mlango wa apatimenti. Kila moja ina mita yake na huenda ina fezi yake (laini yake ya umeme kutoka barabarani), hivyo fundi aliyezima umeme wa huku anaweza kupigwa na ule wa kule. Pia maandazi yakiungua kwa jirani watu wote watatoka nje usiku, na baada ya mara kadhaa hakuna atakayetoka tena. Jengo zima huhitaji mfumo wa kengele ya moto wenye paneli, vitufe vya kuvunja kioo karibu na ngazi na ving'ora vya korido, na mpango wake upelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Swali: LUKU ikiisha usiku je?

Jibu: Taa ya kijani ya kengele itazimika, lakini betri itaziendesha kengele, na zitaendelea kuwasiliana. Mlio mfupi unaojirudia kila baada ya dakika moja hivi ni dalili kwamba betri inakwisha. Ibadilishe siku hiyohiyo.

Swali: Moja imeharibika. Ninunue ya kampuni nyingine?

Jibu: Usichanganye, kwa kuwa ishara zao hutofautiana, na unaweza kupata kengele inayolia yenyewe bila kuziamsha nyingine. Soma tarehe iliyochapwa nyuma: zikiwa zimefikisha miaka 10, badilisha zote kwa pamoja.