Steringi hafagi, ila wetu alikufa: namna ya kuendelea na komedi, au kuifunga kwa heshima

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video huku Mwanza tulikuwa na sheria moja tu, steringi hafagi. Apigwe risasi, aanguke toka ghorofani, we tulia tu, mwisho wa muvi atasimama. Afu unakuwa mtu mzima, unaanzisha komedi na wenzio, na siku moja asubuhi simu inaita, steringi wenu amefariki kweli, na kwenye diski mna episodi mbili zimekamilika hazijarushwa na ya tatu iko nusu.

Hayo yalitukuta. Komedi yetu ilikuwa ya familia moja ya Igombe, mzee ana mtumbwi ambao kila siku anasema kesho unaingia majini na hauingii, mke wake anaanika dagaa na ndo analisha nyumba nzima. Tulikuwa tunashuti siku za mbalamwezi maana ndo wavuvi wa dagaa wapo nchi kavu na mitumbwi imelala. Mimi nilikuwa naandika skripti. Mzee alipoondoka kila mtu alituuliza swali lilelile, mnaendelea au ndo basi? Sikuwa na jibu wala wa kumuuliza, kwahiyo naandika hapa nilichojifunza ili mwenzangu likimkuta asianzie sifuri.

Siku za kwanza usirushe kitu chochote. Najua watu wanaomba klipu, najua namba zinapanda zenyewe wiki ya msiba kuliko mwaka mzima mliohangaika, ila hiyo ni hela ya msiba na mnatakiwa mkae na familia kwanza muulizane inaenda wapi. Kitu cha kufanya siku hiyohiyo ni kukusanya kila kipande alichorekodi, pamoja na sini zilizoharibika, vicheko vya nyuma ya kamera na voisinoti alizokutumia akifanyia mazoezi mistari, uweke kwenye diski mbili, na hizo diski zikae nyumba mbili tofauti. Sisi tulikuwa na diski moja tu, ilikuwa kwenye begi la kameramani, na kameramani alikuwa anaenda na kurudi na kivuko cha Kamanga. Nikikumbuka hilo hadi leo mwili unasisimka.

Kama alikuwa anadai, lipeni kabla ya matanga kuanuliwa. Msiseme tutaangalia. Na baada ya hapo msiongee mambo ya haki na yule ndugu anayeongea kwa sauti kubwa pale msibani, subirini kikao cha ukoo kikae, wamchague msimamizi wa mirathi na mahakama ya mwanzo imthibitishe, huyo ndo mnasaini naye. Kazi ya mwigizaji inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na haki hizo hazizikwi na mwenyewe, kwahiyo hata kama mlikuwa mnafanya kazi kwa kuaminiana na hela ya nauli, sasa hivi andikeni karatasi.

Haya, swali lenyewe. Komedi inaweza kuendelea? Mi naona watu wanaliuliza vibaya. Wanauliza nani atavaa viatu vyake, wakati cha kuuliza ni komedi ilikuwa imesimama juu ya nini. Kuna komedi imesimama juu ya mtu na kuna komedi imesimama juu ya nyumba, au baa, au mahakama.

Angalia Kenya. Papa Shirandula ilibeba jina la mhusika wake, mlinzi anayemficha mke wake kuwa ni mlinzi, na Charles Bukeko alipofariki Julai 2020 hakuna mtu aliyeweza kuota kumweka mwingine aitwe Papa. Jina lenyewe lilikuwa ni uso wake. Afu weka pembeni Vioja Mahakamani, pale kila wiki inakuja kesi mpya, hakimu yupo, kizimba kipo, kwahiyo waigizaji wanaingia na kutoka kwa miaka na mahakama inabaki. Marekani kulikuwa na Cheers, komedi ya baa, mzee aliyeigiza mhudumu wa kaunta, Nicholas Colasanto, akafariki Februari 1985 na baa ikaendelea mpaka 1993. Huyo hakuwa steringi namba moja, ni kweli, ila sababu ni ileile, watu walikuwa wanarudi kwenye ile baa.

Namna ya kupima ya kwenu ni rahisi na inauma. Chukua skripti kumi za mwisho, kalamu nyekundu, futa kila mstari wa marehemu, afu kaeni chini wote msome kwa sauti kilichobaki. Sisi tulisomea uani kwa mama anayeigiza mke. Skripti sita hazikubaki na kitu, ilikuwa watu wanajibu swali ambalo halijaulizwa. Ila nne zilikuwa hai, kwa sababu ugomvi wa mama na madalali wa dagaa wa soko la Mwaloni ulikuwa unatembea wenyewe bila mzee. Hapo ndo tukajua kuna nyumba imesimama, ndogo, ila ipo. Kama kwenu zote kumi zimekufa usilazimishe, ruka mpaka sehemu ya kufunga.

Kama mnaendelea, msimpe mtu mwingine uhusika uleule na jina lilelile. Hili nalisema kwa nguvu zote. Yule mpya hata awe fundi vipi atakuwa anapimwa na kaburi, na kaburi halikosei mistari. Mlete mtu mwingine kabisa mwenye udhaifu wake mwenyewe. Cheers walimleta kijana mshamba mwenye moyo mweupe, ndo Woody Harrelson tunayemjua leo. Uingereza kwenye Only Fools and Horses aliyekuwa babu, Lennard Pearce, alifariki Desemba 1984, wakaandika msiba wa babu ndani ya komedi na palepale kwenye ukoo akajitokeza ndugu wa babu, baharia mzee wa stori ndefu, akaja kukaa kama hana kwa kwenda. Hiyo mi naipenda sana maana ndo maisha yetu, msiba gani huku haujawahi kuleta ndugu ambaye hakuna aliyemtegemea na arobaini ikipita bado yupo?

Na msiseme amesafiri. Huku watoto ndo tunaowaambia hivyo, baba amesafiri, na mtoto anakaa mlangoni anasubiri. Chico and the Man ya Marekani ilimpoteza kijana wake Freddie Prinze Januari 1977 akiwa na miaka 22, mwanzoni stori ikasema Chico yuko Mexico kwa baba yake, na baadae ilibidi warudi waseme wazi kuwa amekufa. Mtazamaji anajua ukweli, ameshalia, ukimwambia amesafiri unamfanya mtoto. Hata Sesame Street ambayo ni ya watoto wadogo, mwigizaji wa muuza duka alipofariki 1982 waliamua kuwaambia watoto ukweli kwamba amekufa na harudi.

Sasa episodi ya kuaga, hapa ndo pagumu na ndo nataka nikae. Mfano mkubwa ni 8 Simple Rules, komedi ya Marekani. John Ritter ndo alikuwa baba wa ile nyumba, steringi haswa, akazidiwa akiwa kazini na akafariki usiku huohuo wa tarehe 11 Septemba 2003, mshipa mkubwa wa moyo ulichanika, alikuwa na miaka 54. Walikuwa na episodi tatu zimekamilika, wakazirusha, na Katey Sagal aliyeigiza mke wake akaongea na watazamaji kabla. Afu Novemba wakarudi na episodi ya saa nzima, baba ametoka kwenda kununua maziwa, ameanguka dukani, simu inaingia nyumbani. Hawakuweka kicheko cha watazamaji kabisa. Wakamleta babu wa watoto akaigizwa na James Garner, na baadae David Spade kama mpwa wa mama, na wakafika mpaka 2005.

Ukiangalia walivyofanya kuna vitu unaweza kubeba hata kama kamera yako ni ya simu. Kifo kilitokea kwenye kitu kidogo cha kila siku, hakuna ajali ya gari wala jambazi. Hakikuonyeshwa, kililetwa na simu. Na kicheko kilirudi taratibu na kilianzia kwa familia.

Sisi tuliandika hivi. Mama anaanika dagaa, kijana wa jirani anakuja kumwambia njoo, mzee alikuwa anapaka mtumbwi rangi maana kesho unaingia majini. Basi. Sini inayofuata ni maturubai. Hatukuonyesha jeneza. Afu tukamwingiza mtani wa ukoo, na hapa ndugu zangu tuna hazina ambayo hao wa Marekani hawana. Sisi kwenye msiba mtani anakuja, anaiga marehemu alivyokuwa anatembea, anadai deni ambalo halipo, anaingia kaburini anagoma kutoka mpaka apewe hela, na mjane anacheka huku machozi yanatoka. Mtu anayesema huwezi kuchekesha juu ya kifo hajawahi kukaa msibani huku kwetu. Mtani wetu alivaa kofia ya mzee (tuliomba kwa binti yake kwanza, akaleta mwenyewe) akaenda kukaa kwenye mtumbwi akasema yeye ndo kapteni na kesho unaingia majini. Wakati tunarekodi hakuna aliyecheka, kameramani alikuwa anafuta macho. Iliporushwa, watu walituandikia kwamba walicheka palepale.

Rekodini sini ya msiba mara moja tu. Usimwambie mama aliyefanya kazi na marehemu miaka minne arudie kulia kwa sababu mwanga haukukaa sawa. Na mlindeni nje ya kamera pia, watu hawatofautishagi, mama yetu alikuwa akishuka sokoni wanampa pole ya mjane, wengine wanamwekea hela mkononi, wakati mume wake wa kweli yuko nyumbani mzima. Ilimchosha mpaka akaomba mwezi apumzike. Mpeni huo mwezi.

Jambo jingine linalohusu walio hai. Redd Foxx, mchekeshaji mkubwa wa Marekani, zamani alikuwa na mchezo wa kujifanya moyo unamkamata. Oktoba 1991 akiwa kwenye mazoezi ya komedi yake mpya moyo ukamkamata kweli, na wenzake kwanza walidhani anachekesha. Kwahiyo kubalianeni leo neno moja ambalo halimo kwenye skripti yoyote, likisemwa kamera inazimwa na watu wanakimbia kusaidia. Na mtu akianguka hata kama hajasema neno, nenda kamshike. Sini inarudiwa.

Kuhusu hizi programu za kutengeneza sauti na sura ya marehemu, mi nasema hapana kwa komedi. Kuna watakaokutajia Furious 7, kwamba Paul Walker alifariki Novemba 2013 na bado alimalizia muvi. Ile alikuwa ameshashuti sehemu yake mwenyewe, na wadogo zake wawili ndo walisimama badala yake. Kumalizia kazi aliyoianza mwenyewe ni kitu kimoja, kumwandikia utani mpya mtu ambaye hawezi kukuambia huu mstari siutaki ni kitu kingine. Mzee wetu alikuwa anakataa mistari yangu mitatu kila episodi na alikuwa sahihi.

Afu pangeni mwisho mapema. NewsRadio, komedi nyingine ya Marekani, ilimpoteza Phil Hartman Mei 1998, ikamleta Jon Lovitz na uhusika mwingine, ikadumu msimu mmoja. Ile ya Redd Foxx, The Royal Family, ilizimika 1992. Chico and the Man 1978. Nyingi zikimpoteza aliyebeba jahazi hazifiki mbali, na sio kwa sababu walikosea, ni kwamba huzuni ya watu ina kiasi chake. Kwahiyo badala ya kusema tunaendelea, semeni tunafanya msimu mmoja, episodi nane au kumi, na ya mwisho iandikwe kabla hamjashuti ya kwanza. Msiangalie namba za episodi ya kwanza, hao ni waombolezaji. Angalieni ya tano na ya sita, hao ndo wamekuja kwa ajili ya nyumba.

Na kama kwenye kalamu nyekundu hakikubaki kitu, fungeni, hakuna aibu. Episodi moja, wote mkae mlipokuwa mnashutia, kila mmoja asimulie siku moja na marehemu, muweke vile vicheko vya nyuma ya kamera, mseme asante na jina lake kamili, lile la nyumbani kwao ambalo watazamaji hawakulijua.

Sisi tulifanya nane. Kwenye ya nane mama anauza mzigo wa dagaa Mwaloni kwa bei yake, anarudi Igombe, anawaita vijana wa ufukweni na wanausukuma ule mtumbwi majini. Ulivuja. Tuliuacha uvuje hivyohivyo na kamera ikiwa inaendelea, vijana wanachota maji kwa ndoo, mama anacheka anawaambia sukumeni. Diski ya pili tulimpa binti wa mzee, akapanda nayo meli ya Nansio.