Jinsi ya Kukielewa na Kukitumia Kioo cha Rangi Kinachoakisi Mwanga

Kioo cha saa au cha mchezo wa mkononi kikiwa hafifu chumbani lakini kikasomeka vizuri juani, huenda hakina hitilafu yoyote: ni kioo cha fuwele kimiminika (LCD, yaani maada inayotiririka kama kimiminika huku molekuli zake zikijipanga kama za fuwele) kinachoakisi, ambacho hakitoi mwanga wake bali hurudisha ule unaokiangukia. Ili kukielewa, anza na ndugu yake mkongwe, kikokotoo cha kawaida chenye tarakimu nyeusi, na utafute miwani ya jua ya polaraizi.

Vaa miwani, shika kikokotoo mbele ya macho, kisha ukizungushe polepole kama usukani. Penye pembe fulani kioo chote kitakuwa cheusi, kwa kuwa kimefunikwa na utando kama wa miwani hiyo, unaopitisha mawimbi ya mwanga yanayotikisika upande mmoja tu. Chini ya utando huo molekuli za fuwele zimejipanga kama ngazi ya mzunguko, zikiupinda mwanga kwa nyuzi 90 ili upenye utando wa pili na kufika kwenye kiakisi kilicho nyuma. Volteji ikiwekwa, molekuli husimama, mwanga haupindwi tena, na tarakimu huwa nyeusi. Martin Schadt na Wolfgang Helfrich waliuombea mpangilio huu hataza nchini Uswisi mwaka 1970.

Sasa vua miwani, inamisha kikokotoo juani, na utazame kwa makini: kila tarakimu ina kivuli chake hafifu pembeni, kwa sababu kiakisi kiko nyuma ya unene wa kigae cha kioo. Kwenye kikokotoo kivuli hicho hakimdhuru mtu, lakini kwenye rangi ni balaa. Kila nukta ya kioo cha rangi ina vidirisha vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, na mwanga ulioingia kwa chekundu ukitokea kwa cha kijani, rangi huchafuka. Ndiyo maana wahandisi walikihamishia kiakisi ndani, mara tu chini ya fuwele, wakaondoa utando wa nyuma na kukipa kiakisi matuta madogo mno ili mwanga utawanyike kuelekea kwa msomaji badala ya kumulika kama kioo cha kujitazamia. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua ya werevu kuliko zote katika teknolojia hii.

Hata hivyo, utando peke yake humeza angalau nusu ya mwanga, na vidirisha vya rangi hupitisha takriban theluthi ya kilichobaki, hivyo kwa hesabu hiyo hata ukurasa mweupe hurudisha kama sehemu moja tu ya sita. Ili kuokoa mwanga, vidirisha hufanywa vya rangi iliyopauka, na ndicho chanzo cha wekundu unaofanana na waridi. Game Boy Color, mchezo wa mkononi wa Nintendo wa mwaka 1998, ilitumia kioo cha aina hii na kuendeshwa kwa betri mbili ndogo. Game Boy Advance ya 2001 ililalamikiwa kwa giza lake, na toleo la SP la 2003 likawekewa taa ya mbele, kwani nyuma kiakisi kingeizuia. Baadhi ya saa za michezo za leo hutumia kioo kilicho kati ya kile kinachoakisi na kile chenye taa ya nyuma, ambacho kiakisi chake kimeachiwa matundu ya kupitisha taa ya nyuma.

Unapokitumia, keti taa ikiwa nyuma ya bega lako, kisha inamisha kioo kidogo kidogo mpaka mmeto wa taa utoke machoni huku herufi zikibaki angavu. Chagua maandishi manene, meusi juu ya meupe, na juani zima taa ya nyuma, kwa kuwa hula betri bila kuongeza chochote. Ukiwa umevaa miwani ya polaraizi na saa ikageuka nyeusi, usiipeleke kwa fundi: geuza kifundo cha mkono kidogo, na saa itasomeka tena.