Jinsi ya Kugeuza Darasa la Kemia ili Kipindi Kibaki kwa Ajili ya Jaribio

Mwaka 2007, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia katika shule ya sekondari ya Woodland Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Baadaye waliwapa rekodi hizo wanafunzi wote wazitazame nyumbani, na muda wa kipindi wakautumia kwa maswali, hesabu na majaribio. Faida kubwa ya utaratibu huu, uitwao kugeuza darasa, ni muda huo unaookolewa, kwa hiyo anayetaka kuuanza achague kwanza mada ambayo wanafunzi humhitaji zaidi akiwa karibu nao. Katika kemia ningeanza na titresheni ya asidi na besi, yaani kupima ukolezi (kiasi cha kemikali kilichoyeyushwa katika kila ujazo) wa besi kwa kuitilia asidi kidogokidogo hadi zimalizane.

Andaa rekodi ya dakika 5 hadi 7 yenye jambo moja tu, kwa mfano namna ya kusuuza vyombo. Eleza kwamba bureti, mrija mrefu wenye koki na alama za ujazo, husuuzwa kwa asidi itakayotiwa humo na pipeti, mrija wa kupimia besi, husuuzwa kwa besi hiyo, kwa kuwa maji yaliyosalia ndani yake hupunguza ukolezi. Flaski, chupa ambamo besi hiyo huwekwa, husuuzwa kwa maji safi pekee, kwa sababu maji hayo hayabadilishi kiasi cha besi kilichopimwa. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Nchini Tanzania, ambako masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, ni busara kueleza sababu kwa Kiswahili huku istilahi za mtihani zikionekana ubaoni jinsi zitakavyoulizwa.

Usidhani kwamba kila mwanafunzi ana intaneti. Rekodi inaweza kugawiwa kwa flashi au kuonyeshwa katika chumba cha kompyuta wakati wa kujisomea jioni, hasa katika shule za bweni ambako simu haziruhusiwi, na pasipo umeme ukurasa mmoja uliochapwa wenye mchoro unafanya kazi ileile. Kila mmoja aje na majibu ya maswali mawili daftarini, pamoja na sentensi moja inayotaja jambo ambalo hakulielewa. Sentensi hiyo ndiyo hazina ya mwalimu, kwani humwonyesha pa kuanzia.

Wapo watakaokuja bila kujiandaa. Wape ukurasa wasome pembeni kwa dakika 10 kisha wajiunge na wenzao, lakini usirudie somo zima ubaoni, maana ukifanya hivyo waliojiandaa watajua kwamba walijisumbua bure na juma lijalo hawatajiandaa tena.

Katika kipindi cha dakika 80, jibu kwanza yale yaliyowatatiza wengi, kisha wagawe wanafunzi katika vikundi vidogo, kila kikundi kiwe na sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo besi, na matone mawili ya methili oranji, kiashiria kinachobadilika rangi besi inapomalizwa na asidi. Sasa pita katikati ya meza. Tazama kama mwanafunzi anasoma bureti jicho lake likiwa usawa wa sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminika, na kama anaifunga koki mapema ili asidi iingie tone kwa tone rangi ya njano inapokaribia kuwa ya machungwa. Akipitiliza hadi nyekundu, muulize kilichotokea kabla ya kumwambia arudie. Makosa haya madogo ya mkono hayarekebishwi na video yoyote, nayo ndiyo huharibu matokeo ya mtihani wa vitendo.

Hesabu nazo zifanyike hapohapo kwa vipimo vyao wenyewe. Kikundi kilichotumia sentimita za ujazo 24.50 za asidi hidrokloriki yenye ukolezi wa 0.1 M (moli kwa lita) kitapata ukolezi wa besi wa 0.098 M, kwa kuwa asidi na besi hizo huungana kwa uwiano wa 1:1.

Geuza mada moja au mbili tu katika muhula wa kwanza, na kabla ya kurekodi nyingine soma tena zile sentensi za madaftarini, kwa sababu jambo lililoandikwa na wengi linahitaji kuelezwa upya katika rekodi.