Kabla ya kusimama upande wa Jamhuri: kwa vijana wa Kigoma wanaotaka kuendesha mashtaka

Vijana wengi wanaokuja kuniuliza habari za kazi hii wameijua kwanza kwenye filamu za Marekani. Wanamwona mwendesha mashtaka wa kaunti amebandika picha yake kwenye mabango, anaomba kura, anaahidi kukomesha ujambazi. Kisha wananiuliza: mama, hapa kwetu nafasi hiyo inagombewa lini?

Haigombewi. Huko Marekani, katika majimbo mengi, wananchi humpigia kura mwendesha mashtaka wao, mara nyingi kwa kipindi cha miaka 4, na wapo walioanzia hapo wakafika mbali kisiasa. Earl Warren alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti ya Alameda tangu 1925 hadi 1939, baadaye akawa gavana wa California, kisha Jaji Mkuu wa nchi. Kamala Harris alichaguliwa San Francisco mwaka 2003 na akaishia kuwa Makamu wa Rais. Kwetu Mkurugenzi wa Mashtaka anateuliwa na Rais kwa Ibara ya 59B ya Katiba, na lazima awe na sifa za kuwa wakili kwa muda usiopungua miaka 10. Sisi wengine, kuanzia Kakonko hadi Uvinza, tunasimama mahakamani kwa niaba yake. Ibara hiyo inamtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Yajue hayo kwa mifano, usiyajue kwa kukariri tu.

Njia ya kuingia haina siri. Kidato cha tano wengi husoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), halafu shahada ya sheria, halafu Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo kule Dar es Salaam, ambayo wote tunaiita Law School. Usiende pale ukidhani ni kukamilisha ratiba. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Ukitoka hapo unaomba nafasi ya Wakili wa Serikali Daraja la II kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, unafanya mtihani wa mchujo, kisha usaili wa ana kwa ana.

Kwa sisi wa mpakani nina neno moja la ziada: shughulikia kitambulisho cha NIDA mapema. Huku Kigoma maswali ya uraia ni mengi kuliko mikoa ya kati, na jina linaloandikwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa na vile kwenye cheti cha kidato cha nne litakusumbua siku ambayo dirisha la maombi linafungwa. Nenda ukalisawazishe ukiwa bado mwanafunzi.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanadhani kazi hii ni kusema. Mimi nasema kazi hii ni kusoma. Kesi inashinda au inakufa ndani ya jalada, wiki nyingi kabla hujasema "Mheshimiwa, naitwa fulani, naiwakilisha Jamhuri."

Chukua kesi za nyama pori. Huku hazikauki, maana hifadhi ya wanyama ya Moyowosi iko upande wetu na ile ya Ugalla iko upande wa Tabora. Mtu amekamatwa na vipande vya nyama ya nyati. Nyama haisubiri tarehe ya kesi, itaoza, kwa hiyo askari anakwenda kwa hakimu na fomu ya orodha ya vielelezo kuomba amri ya kuiteketeza. Hapo ndipo kesi nyingi zimefia. Mtuhumiwa aliachwa mahabusu. Hakimu hakumwona wala hakumuuliza kama ana la kusema. Mahakama ya Rufani imekwishaeleza kwamba mtu huyo ana haki ya kuwepo na kusikilizwa kabla amri haijatolewa. Asipokuwepo, fomu inaondolewa kwenye ushahidi. Fomu ikiondoka nyama imeondoka, na nyama ikiondoka huna kesi, hata kama kijiji kizima kilimwona na mzigo kichwani.

Kwa hiyo jalada la namna hiyo likifika mezani, fungua ile fomu kabla ya kitu kingine chochote. Je, jina la mtuhumiwa limo? Ipo saini yake au dole gumba? Tarehe inalingana na tarehe ya kukamatwa? Kisha tafuta maelezo ya afisa wanyamapori: alijuaje kwamba ni nyati na si ng'ombe? Ameandika habari za ngozi, kwato, rangi ya manyoya, au ameandika tu "niliitambua"? Kama ni hilo la mwisho, rudisha jalada kwa mpelelezi na maelekezo ya maandishi. Usione aibu kurudisha jalada. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022 upelelezi unatakiwa ukamilike kabla ya kumfikisha mtu mahakamani, isipokuwa kwa makosa makubwa, na mimi niliyapokea marekebisho hayo kwa furaha, kwa sababu nimeona watu wakikaa rumande wakisikia "upelelezi haujakamilika" mpaka mtoto aliyezaliwa nyuma yao akaanza kutembea.

Kwenye ubakaji wa mtoto tafuta umri. Usiridhike na umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka, hati si ushahidi. Uwepo kwenye maelezo ya mama, ya mtoto mwenyewe, ya daktari, au kwenye kadi ya kliniki. Adhabu pale ni miaka 30 au kifungo cha maisha. Mahakama haitampa mtu adhabu hiyo kwa umri wa kukisia, na haipaswi.

Mashahidi ni mlima mwingine, na hapa vitabu vya Dar es Salaam havikusaidii. Ukiwa na shahidi mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, usimwite siku za giza. Siku za giza yuko ziwani na taa zake, na pengine ameshahamia mwalo mwingine. Omba tarehe ya mbalamwezi, wakati nyavu zimeanikwa. Shahidi aliye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu haruhusiwi kutoka bila kibali, hivyo wasiliana na mkuu wa kambi mapema, na ukumbuke kwamba anaweza kurejea Burundi kabla shauri halijaitwa. Huyo atangulie kutoa ushahidi. Bibi wa Buhigwe anayejieleza vizuri kwa Kiha tu, mwombee mkalimani. Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tangu 2021 kumetusaidia sana, ila hakujamaliza jambo kwa kila mtu.

Siku ya kusikilizwa, linda vielelezo vyako. Ukitaka kutoa PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima aliyeumizwa, daktari aitambue kwanza, uombe ipokelewe, mshtakiwa aulizwe kama ana pingamizi, mahakama iipokee, na kisha isomwe kwa sauti. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika saa saba mchana, joto limepanda na karani anatazama saa. Karatasi isiyosomwa huondolewa kwenye rufaa. Mshtakiwa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, ndiyo maana yake, na mimi naiheshimu kuliko ushindi wowote.

Ukiona ushahidi hautoshi, sema hivyo ofisini na kesi iondolewe. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka hayo kisheria. Baada ya hapo mwite mlalamikaji, mkalishe, mweleze mwenyewe. Atalia, pengine atakutukana. Mweleze. Mwenzetu wa Marekani hujibu kwa wapiga kura wake. Sisi hatuna sanduku la kura, hivyo nadhani deni letu la kueleza ni kubwa zaidi.

Na mji ni mdogo. Shangazi atakuja na dumu la mawese kukuombea "yule kijana wa jirani". Mkaribishe chai, mrudishie dumu lake, na kama ni jamaa yako kweli, andika barua jalada lipewe mwenzako.

Kama uko kidato cha sita, anza leo. Mahakama ziko wazi kwa kila mtu. Vaa nadhifu, zima simu, kaa benchi la nyuma pale Mahakama ya Wilaya, na kila shauri linapoahirishwa andika sababu iliyotolewa na aliyeitoa.