Kabla ya kufunga rauta: andaa akaunti na kompyuta

Kama nyumbani kwako Njiro au Sakina, Arusha, waya wa intaneti unatoka kwenye modemu na kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta, usikimbilie kuuchomoa na kuuchomeka kwenye rauta, kifaa cha kugawa intaneti kwa vifaa vingi. Huenda akaunti imeizoea kompyuta hiyo, na rauta itakataliwa hata ikiwa nzima kabisa. Ulizia kwanza huduma kwa wateja ya kampuni yako ya intaneti: akaunti yangu inatambuliwa kwa njia gani?

Wakijibu PPPoE (njia ya kuingia kwenye intaneti kwa jina na nywila), unahitaji jina la mtumiaji na nywila. Nywila iliyohifadhiwa kwenye kompyuta huonekana vidoti tu, kwa hiyo kama umeisahau, omba mpya siku hiyo hiyo. Herufi kubwa na ndogo huhesabika. Siku ya kufunga, kata muunganisho wa kompyuta kwanza: akaunti nyingi hukubali kifaa kimoja kwa wakati mmoja.

Wakijibu anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye Windows, andika ipconfig /all, kisha nakili “Physical Address”: jozi 6 za herufi na tarakimu. Nakili ya Ethernet (muunganisho wa waya), siyo ya Wi-Fi. Hapa wengi hukosea, kisha wanailaumu rauta. Anwani hiyo utaiiga ndani ya rauta, au uwape kampuni MAC ya rauta upande wa WAN (unaopokea intaneti) waisajili.

Hapo hapo tazama “IPv4 Address”, anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 192.168, inaelekea kifaa ulichokuwa ukikiita modemu tayari ni rauta. Kuongeza ya pili bila mpango huleta mgongano, hasa zote zikitumia 192.168.1.1. Omba cha kwanza kiwekwe hali ya bridge (kipitishe intaneti tu, bila kufanya kazi ya rauta), au rauta mpya uitumie kusambaza Wi-Fi tu.

Sasa kompyuta. Andika ncpa.cpl kwenye dirisha la Run la Windows, fungua sifa za Ethernet, kisha IPv4. Ukikuta namba zimejazwa kwa mkono, zipige picha zote, pamoja na gateway (anwani ya lango la kutokea) na DNS (anwani ya kutafsiri majina ya tovuti), kabla hujazigusa, rauta itazihitaji. Kisha chagua zipatikane zenyewe.

Zima modemu dakika 2, na kama ina betri, itoe pia, maana baadhi hukumbuka kifaa cha mwisho. Waya wa modemu uingie tundu la WAN, wa kompyuta uingie LAN (tundu la vifaa vya nyumbani). Washa modemu, subiri taa zitulie, ndipo rauta, mwisho kompyuta. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko cha rauta, jaza taarifa ulizokusanya, ubadilishe na nywila ya msimamizi.

Ile njia ya PPPoE kwenye kompyuta usiifute bado. Iache bila kujiunganisha yenyewe hadi rauta ikae siku chache. Rauta ikigoma, rudisha waya kwenye kompyuta na ubonyeze kuunganisha: ikikubali, akaunti ni nzima, tatizo litafute kwenye rauta.